Imani Katoliki katika Jamii za Shule za Msingi Mpakani: Busia na Tororo, 1894–2022

Utangulizi

Mito ya Sio na Malaba, ambayo katika sehemu kadhaa ndiyo inayotenganisha Kenya na Uganda, si mito mikubwa. Wasamia wanaishi ng'ambo zote mbili, na Wateso vilevile. Shamba la ndugu mmoja huweza kuwa Kenya na la mwenzake Uganda. Katika eneo hili shule ya msingi yenye jina la mtakatifu ni jambo la kawaida kiasi kwamba wenyeji hawalioni kuwa la kuuliza. Makala hii inauliza: imani Katoliki iliishiwaje ndani ya shule hizo wakati ambapo dola, Kanisa na sera za elimu zilikuwa zikizivuta upande huu na ule?

Maandishi mengi kuhusu elimu ya misheni Afrika Mashariki huandika historia ya maaskofu, kamati na sheria. Historia hiyo ni muhimu, na sehemu yake inarudiwa hapa. Hata hivyo, tunadai kwamba uhai wa kidini wa shule za mpakani ulitegemea zaidi mambo ambayo sheria haiyagusi: lugha ambayo mtoto alifundishwa kusali, kalenda ya sikukuu, na uhusiano kati ya mwalimu wa darasani na katekista wa kigango. Mambo hayo matatu yanapochunguzwa, mpaka huonekana mahali ambapo ramani haikuuonyesha, na kutoweka mahali ambapo ramani inausisitiza.

Mpaka wa dola na mpaka wa Kanisa

Vikarieti ya Kitume ya Nile ya Juu iliundwa mwaka 1894 na kukabidhiwa kwa Wamisionari wa Mill Hill, shirika lililoanzishwa Uingereza mwaka 1866 na Herbert Vaughan. Askofu wake wa kwanza, Henry Hanlon, alifika Kampala mwaka 1895. Eneo lake lilienea kutoka Nsambya hadi mashariki, likajumuisha nchi iliyoitwa Bukedi na ile iliyoitwa Kavirondo. Wakati huo yote yalikuwa chini ya Himaya ya Uganda.

Mwaka 1902 serikali ya Uingereza ilihamisha sehemu ya mashariki ya Uganda na kuiweka chini ya Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. Kanisa halikufuata mara moja. Wamisionari walifungua kituo cha Kisumu mwaka 1903 na cha Mumias mwaka 1904, na waliendelea kuwa chini ya askofu aliyekaa Nsambya. Ni mwaka 1925 tu Prefektura ya Kitume ya Kavirondo ilipotengwa. Kwa miaka 23, basi, Wakatoliki wa ng'ambo mbili walikuwa na serikali mbili na askofu mmoja. Miaka hiyo ndiyo iliyoweka msingi wa shule nyingi za kigango, na hilo linasaidia kueleza kwa nini mazoea ya kidini ya pande hizi yalifanana hata baada ya utawala kugawanyika. Majimbo ya leo, Bungoma (1987), ambalo linahudumia Busia ya Kenya, na Jimbo Kuu la Tororo, lililopandishwa hadhi hiyo mwaka 1999, yote ni matawi ya shina hilo moja.

Shule za mwanzo hazikuwa shule kwa maana ya leo. Zilikuwa kibanda cha nyasi, katekista mmoja na wakatekumeni wa umri wowote. Kusoma kulikuwa njia ya kufikia ubatizo. Ndiyo maana katika lugha kadhaa za eneo hili "msomaji" na "Mkristo" yalikaribia kuwa neno moja. Hali ilianza kubadilika baada ya Tume ya Phelps-Stokes kuzuru Afrika Mashariki mwaka 1924, na serikali zilipoanza kutoa ruzuku kwa shule zilizotimiza masharti. Mwaka 1928 Arthur Hinsley, Mjumbe wa Papa katika makoloni ya Uingereza Afrika, aliwaambia wamisionari waliokutana Dar es Salaam kwamba palipokuwa na uhaba wa nguvu, shule itangulie hata kabla ya jengo la kanisa. Agizo hilo lilizaa shule nyingi. Lilizaa pia tatizo ambalo tutalirudia: parokia ikazoea kuwaachia walimu malezi ya kiroho ya watoto wake.

Lugha ya sala

Katika upande wa Uganda imani iliingia pamoja na Kiganda. Semei Kakungulu, aliyeitawala Bukedi kutoka Budaka mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwa Mprotestanti, lakini utawala wake uliifanya lugha ya Waganda kuwa lugha ya ofisi na ya kanisa kwa madhehebu yote. Mtoto Mjopadhola au Mteso alijifunza katekisimu kwa lugha ambayo nyumbani kwao haikuzungumzwa. Upande wa Kenya, katekista alitumia lugha ya jamii na, palipokuwa na mchanganyiko wa watu, Kiswahili.

Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kitumike zaidi katika elimu na utawala wa Uganda. Kabaka Daudi Chwa alipinga, na maaskofu wa Kianglikana na wa Kikatoliki walipinga pia. Sababu zao hazikuwa za kipuuzi: walikuwa wamewekeza miongo mitatu ya tafsiri na uchapishaji katika Kiganda, na baadhi yao walikihusisha Kiswahili na Uislamu. Lakini uamuzi uliofanywa kwa kutazama Mengo na Rubaga uliwaangukia watoto wa Tororo, ambao Kiganda kwao kilikuwa kigeni sawasawa na Kiswahili. Idi Amin alipokitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, tayari kilikuwa kimepata sura ya kambi ya jeshi, na tangazo lake halikuisafisha sura hiyo.

Hata hivyo, Misa yenyewe ilikuwa kwa Kilatini. Mtoto aliyevuka kutoka kigango cha Uganda kwenda kwa shangazi yake Kenya alisikia ibada ileile, neno kwa neno, iwe aliielewa au hakuielewa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliidhinisha matumizi ya lugha za watu katika liturujia mwaka 1963. Katika miaka iliyofuata, Misa ya shule upande wa Kenya ilizidi kuwa ya Kiswahili, na upande wa Uganda ya Kiganda, Ateso au Dhopadhola. Hapa kuna jambo ambalo halijapewa uzito unaostahili: mageuzi yaliyokusudiwa kumkaribisha mtoto katika sala ndiyo yaliyoufanya mpaka usikike masikioni mwake kwa mara ya kwanza ndani ya kanisa.

Sheria mbili, mwalimu mmoja

Baada ya uhuru serikali zote mbili zilitwaa usimamizi wa shule za misheni. Uganda ilifanya hivyo kwa sheria ya elimu ya mwaka 1964, kufuatia ripoti ya Kamisheni ya Castle. Kenya ilifuata kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1968, kufuatia Kamisheni ya Ominde. Sheria ya Kenya ililipa Kanisa nafasi ya mdhamini, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imeieleza nafasi hiyo kwa upana zaidi: uwakilishi katika bodi, ushauri wa kiroho, na wajibu wa kuheshimu imani ya wanafunzi wasio wa dhehebu la mdhamini. Sheria ya Uganda ya mwaka 2008 inazungumza juu ya chombo mwanzilishi, nacho kina sauti katika kamati ya usimamizi wa shule.

Tofauti za maneno ni nyingi, lakini mwalimu alijikuta katika hali moja. Mshahara wake ulitoka serikalini, na uhamisho wake uliamuliwa na ofisi isiyouliza alibatizwa wapi. Mwalimu wa dhehebu jingine aliweza kupangiwa shule ya Kikatoliki na kutarajiwa kusimamia sala ya asubuhi. Wengine waliifanya kazi hiyo kwa uaminifu unaostahili kusifiwa. Wengine waliifanya kama wanavyoita majina ya mahudhurio. Kwa upande wake, Kanisa lilidai heshima ya jina lake langoni huku mchango wake wa fedha ukipungua. Lawama hiyo husikika Kenya mara kwa mara dhidi ya wadhamini wa madhehebu yote, na kwa maoni yetu ni ya haki kwa kiasi fulani. Haki isiyoambatana na gharama hudhoofika hata kama imeandikwa katika sheria.

Kisha ikaja elimu bila malipo. Uganda ilianza mwaka 1997, na wanafunzi wa shule za msingi wakaongezeka kutoka takriban milioni 3.1 hadi milioni 5.3 ndani ya mwaka mmoja. Kenya ilianza Januari 2003, ikapanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Kati ya tarehe hizo mbili kulikuwa na miaka sita ambapo mzazi wa upande wa Kenya alilipa karo huku shule ya ng'ambo ya kijito ikiwa haitozi. Sababu ya mtoto kuvuka haihitaji kuelezwa. Kwa wapangaji wa elimu, namba hizo ni ushindi, na ni ushindi kweli. Kwa katekista zilikuwa na maana nyingine. Darasa la maandalizi ya komunyo ya kwanza lililokuwa likikaa chini ya mwembe mmoja liliongezeka mara mbili, na katekista akabaki yuleyule, mara nyingi bila mshahara, akiwa na baiskeli ileile. Katika shule za Kenya kipindi cha mafundisho ya kichungaji, kinachojulikana kwa kifupi kama PPI, kilibaki katika ratiba ya wiki. Kuwepo kwake katika ratiba hakukumaanisha kuwepo kwa mtu wa kukifundisha.

Tarehe 3 Juni

Kalenda inaonyesha jambo hili kwa uwazi kuliko sheria. Mashahidi wa Uganda walitangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita tarehe 18 Oktoba 1964. Nchini Uganda tarehe 3 Juni ni sikukuu ya taifa, na shule hufungwa. Nchini Kenya ni siku ya kazi. Mtoto wa shule ya Kikatoliki Tororo anaadhimisha sikukuu yake pamoja na taifa zima. Mwenzake wa Busia ya Kenya, mwenye ukoo uleule na pengine jina lilelile la ubatizo, Kizito au Lwanga, yuko darasani akifanya hesabu. Lakini ni katika majuma hayohayo mahujaji kutoka magharibi mwa Kenya hupita Busia na Malaba kwa miguu kuelekea Namugongo, mwendo wa takriban kilomita 200 kutoka mpakani. Wanapopita wakiimba kando ya barabara, wanafunzi wa pande zote mbili huwaona. Hatujui somo la dini linaloweza kushindana na hilo.

Milango iliyofungwa

Machi 2020 nchi zote mbili zilifunga shule kwa sababu ya UVIKO-19. Kenya ilirudisha madarasa yote Januari 2021. Uganda ilifungua kwa awamu, ikafunga tena Juni 2021, na haikufungua kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Kwa sehemu kubwa ya mwaka mzima, basi, mzazi wa Busia ya Uganda aliweza kuona sare za shule zikipita ng'ambo huku watoto wake wakiwa sokoni au shambani.

Madhara kwa masomo yamejadiliwa sana. Kwa historia ya imani, kipindi hicho kilifichua deni la tangu mwaka 1928. Kwa kuwa maandalizi ya sakramenti yalikuwa yamefungwa kwenye ratiba ya shule, shule ilipofungwa parokia ilipoteza mahali pa kukutana na watoto wake. Palipokuwa na Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zilizo hai, ambazo maaskofu wa AMECEA walizipa kipaumbele tangu miaka ya 1970, kulikuwa angalau na nyumba ambamo mtoto angeweza kufundishwa sala. Palipokuwa na jumuiya za jina tu, hapakuwa na kitu.

Mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kupendekeza kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Uhaba wa walimu ndio kikwazo kinachotajwa kwanza. Wapangaji wa sera wanaoutafuta mwanzo wa bei nafuu wangeweza kutazama parokia za mpakani, ambako Kiswahili cha sokoni, cha madereva wa malori na cha nyimbo za kanisa kimekuwepo kwa muda mrefu bila kusubiri idhini. Nao watafiti wana chanzo ambacho kila parokia inalazimika kukitunza: vitabu vya ubatizo, ambamo kipaimara na ndoa huongezwa kando ya jina la mbatizwa. Vikisomwa sambamba na daftari za uandikishaji za shule za pande zote mbili, vitaonyesha ni watoto wangapi waliobatizwa ng'ambo moja na kusomea nyingine, na katika miaka ipi.