Nani wa Kumfuata Mitandaoni: Mwongozo kwa Familia

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Zipo familia zenye watu Unguja, wengine Bagamoyo na wengine Saadani, na siku hizi wote hukutana katika kundi moja la WhatsApp. Klipu ikimfikia kijana asubuhi, jioni imeshafika kwa bibi. Basi anayefuatwa na mmoja huingia nyumba nzima. Hapa tunaeleza namna ya kumchagua.

Hukumu yake

Asili ya jambo hili ni ruhusa. Lakini unayemfuata unakaa naye kila siku, na Mtume (S.A.W.) amemfananisha rafiki mwema na muuza miski, na rafiki mbaya na mfua chuma anayevuvia moto, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari (R.A.). Kwa hiyo mpishi, fundi au mchekeshaji hana ubaya, maadamu hakuletei uchi, kamari wala kusengenya watu. Anayezungumzia dini ana masharti zaidi.

1. Ulizia amesoma kwa nani

Bagamoyo inamkumbuka Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931. Aliletwa pwani kutoka Manyema, mashariki ya Kongo, akiwa mtoto mtumwa. Hakuwa na nasaba ya kumbeba. Alisoma, akasomesha, mpaka akawa kiongozi wa Tariqa ya Qadiriyya mjini hapo. Watu walimjua kwa elimu yake na kwa maisha aliyoishi mbele yao. Wingi wa wafuasi wa akaunti hauwezi kushika nafasi hiyo. Asiyejulikana mwalimu wake, chuo chake wala msikiti wake, usichukue dini kwake.

2. Hakiki kabla ya kusambaza

Mwaka 1908, zama za Wajerumani, ilienea pwani ya Tanganyika barua iliyoitwa Barua ya Makka. Ilinasibishwa na Sheikh Ahmad, mhudumu wa kaburi la Mtume (S.A.W.) Madina, kwamba ameota ndoto ya kuonya kuwa Kiama kimekaribia. Wasia wa jina hilohilo bado unazunguka, na safari hii kwa simu, ukimtisha asiyeusambaza. Sheikh Abdul-Aziz bin Baz, aliyekuwa Mufti wa Saudia, aliandika kuubatilisha. Surat al-Hujurat aya ya 6 inatuamrisha kuhakiki habari, na al-Israa aya ya 36 inatukataza kufuata tusilolijua. Ujumbe unaokutisha ili uusambaze, uishie kwako.

3. Tenganisha mawaidha na fatwa

Mawaidha huwafaa wengi. Fatwa humjibu mtu kwa hali yake. Mume aliyetamka talaka kwa hasira, au mke aliyetamkiwa, asihukumu ndoa yake kwa klipu ya nusu dakika. Huenda msemaji alijibu tukio jingine, au kwa madhehebu mengine. Visiwani ipo Ofisi ya Mufti, na wapo makadhi. Nendeni wote wawili, mseme yaliyotamkwa kama yalivyotamkwa. Hapo panahusu halali na haramu ya kuishi pamoja, na haki za watoto.

4. Angalia anachokuachia

Baada ya mwezi wa kumsikiliza, je, swala imeimarika? Ulimi umetulia? Au umejifunza kuwatukana masheikh na kuwadharau wazazi? Akiomba sadaka kwa namba ya simu ya mtu asiyejulikana, toa kwa mhitaji wa mtaani kwako unayemjua.

Kwa wazazi

Kumpokonya mtoto simu hakumfundishi kuchagua. Kaa naye, akuonyeshe anaowafuata, na umwambie kwa upole sababu ya kumwacha huyu na kumbakisha yule. Nawe muonyeshe wako.

Tunamuomba Allah atuonyeshe haki na atupe kuifuata.

Wallahu a'lam.