Kupunguza uzito: kipimo ni mkono wako

Mizani ya jikoni si lazima. Kwa mlo mmoja, bugali iwe kiasi cha ngumi yako. Nyama ao samaki, kiganja bila vidole. Sombe ao lengalenga, ngumi mbili. Lakini angalia mafuta: kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya ngazi kinabeba kalori karibu 120.

Shida kubwa ni sahani ya pamoja. Ukimega na wengine, hauhesabu matonge. Pakua sehemu yako pembeni mbele ya kuanza.

Unatumia dawa za ugonjwa wa sukari? Usipunguze chakula mbele ya kuuliza munganga. Sukari inaweza kushuka sana katika damu, na mutu anazimia.