Nyumba Haihami kwa Mizigo Tu



Kila mwisho wa mwezi tunaona katika mitaa yetu mikokoteni na malori yaliyobeba vyombo vya watu: godoro juu, viti vimefungwa kwa kamba, sufuria zinagongana, na mtoto ameketi juu ya yote ameshika kioo kisivunjike. Familia inahama. Mmoja amepata kazi Kolwezi, mwingine ameshindwa kulipa kodi, mwingine anakwenda kwake baada ya ndoa. Sisi tunaopita njiani tunadhani kuhama ni jambo la kamba na mizigo.

Lakini Katanga yetu ni nchi iliyojengwa na watu waliohama. Ni wachache kati yenu ambao babu zao wote walizaliwa hapa walipozaliwa ninyi. Naomba basi tuitazame historia hiyo kwa ulizo moja tu: nyumba inapohama, ni nini kinachohesabiwa?

Wakati mikono peke yake ilipohesabiwa

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli iliyotoka kusini, upande wa Rhodesia, ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Mwaka uliofuata, 1911, shaba ya kwanza ilimiminwa. Kazi ilitaka watu wengi, na nchi iliyozunguka migodi ilikuwa na wakaaji wachache. Kwa hiyo watu walitafutwa mbali. Shirika lililoitwa Bourse du Travail du Katanga, lililoanzishwa mwaka 1910, liliwatuma watu wake vijijini kuandikisha vijana, na mara nyingi wakuu wa vijiji walilazimishwa kuwatoa.

Mikataba ya wakati ule ilikuwa ya miezi michache. Kijana alikuja peke yake, ameacha nyuma mke, mama na shamba. Aliyetoka Kasai kabla ya mwaka 1928 alitembea siku nyingi kwa miguu kabla ya kulikuta gari la moshi huko Bukama. Aliyetoka Ruanda-Urundi alivuka ziwa Tanganyika hadi Albertville, yaani Kalemie, akapanda gari la moshi hadi Kabalo, akaingia katika meli ya mto Lualaba hadi Bukama, kisha gari la moshi tena. Alifika amechoka, katika hali ya hewa asiyoizoea, akalazwa katika kibanda pamoja na wanaume asiowajua. Baada ya kazi ya kutwa nzima alipaswa kujipikia mwenyewe, au kulala bila kupika.

Wengi walikufa. Homa ya mapafu, kuhara damu na homa ya matumbo ziliingia katika kambi na kuvuna watu. Mwaka 1918 ukaja mafua makali yaliyoizunguka dunia nzima, nayo yakaongeza makaburi. Wengine wengi walitoroka usiku wakarudi kwao. Tusidhani kwamba wakubwa wa kazi hawakuwa na madaftari. Walikuwa nayo, na hesabu ilikuwa sahihi: mikono kadhaa imeingia, mikono kadhaa imetoka. Kosa lilikuwa kudhani kwamba mkono unaweza kuhamishwa ukaachwa mtu, na kwamba mtu anaweza kuhamishwa ikaachwa nyumba yake.

Wakati familia ilipohesabiwa

Kuanzia miaka ya 1927 na 1928 kampuni ilibadili mwenendo. Haikufanya hivyo kwa huruma tu. Kutafuta watu wapya mbali kila mwaka kulikuwa na gharama kubwa, na vifo vilikuwa vimezidi. Daktari mmoja wa Ubelgiji, Léopold Mottoulle, alikuwa miongoni mwa wale walioongoza mpango mpya. Mkataba ukawa wa miaka mitatu, na mfanyakazi akahimizwa kuja na mke wake. Kijana asiye na mke aliweza hata kukopeshwa mahari. Mke na watoto wakapewa sehemu yao ya posho. Vibanda viliacha nafasi kwa nyumba za matofali. Watoto wachanga wakapimwa kwa mizani katika zahanati, na mapadre Wabenedikto, ambao askofu wao alikuwa Jean-Félix de Hemptinne, wakapewa kazi ya shule. Mwaka 1928 reli ya Bukama ilikamilika hadi Port-Francqui, yaani Ilebo, nayo familia za Kasai zikaweza kusafiri pamoja.

Matokeo yalionekana upesi: vifo vilipungua na watoto wakazaliwa kambini. Mwanaume yuleyule, aliyekuwa akifa peke yake kibandani, sasa aliishi. Mama zetu walikuja na mbegu, na vinu, na namna ya kumwita jirani. Walilima kando ya kambi. Watoto wao, waliotoka katika makabila kumi mbalimbali, walicheza pamoja wakaifanya lugha moja kuwa yao, na ndicho Kiswahili tunachokisema sisi.

Hata hivyo hesabu hiyo mpya ilikuwa na upungufu wake. Familia ilihesabiwa kwa sababu ilimsaidia mfanyakazi kukaa. Nyumba ilikuwa ya kampuni, na aliyeondolewa kazini aliondoka pia chini ya paa lile. Bei ya shaba ilipoanguka katika mtikisiko wa uchumi wa dunia kuanzia mwaka 1930, maelfu ya wafanyakazi walirudishwa makwao pamoja na wake zao na watoto, na baadhi ya watoto hao hawakujua kijiji chochote. Vijana, shikeni jambo hili: mtu anaweza kupewa nyumba, unga na shule, na bado akawa hana mahali pake.

Siku za stesheni

Sasa nafika kwenye kurasa ambazo ni vigumu kwangu kuziandika. Mwaka 1992 na 1993 maneno ya chuki ya siasa yaliingia katika miji yetu. Ndugu zetu wa asili ya Kasai, ambao baba zao na babu zao walikuja kwa reli ile niliyoitaja, walifukuzwa Likasi, kisha Kolwezi na mahali pengine. Maelfu kwa maelfu walikaa katika stesheni na katika shule wakingojea magari ya moshi yasiyokuja. Wengi wao walikuwa wamezaliwa hapa, wala Kasai hawakuiona kamwe. Wengine walikufa pale pale wakingoja, wengine njiani.

Mimi nilikuwa kijana wa umri wenu. Parokia ilituma kikundi chetu kuandika majina ya familia katika stesheni ya Likasi. Nilipewa daftari lenye safu tatu: jina la baba wa nyumba, idadi ya watu, idadi ya mizigo. Nami lazima nikiri kwamba majuma machache kabla ya siku ile, wakati wenzangu walipokuwa wakiimba nyimbo za kuwadhihaki majirani zetu, sikuimba, lakini pia sikusema neno.

Nilifika kwa mama mmoja mwenye watoto watano. Alikuwa ameketi juu ya kinu kikubwa cha mti. Nikamwuliza kwa nini amebeba kitu kizito hivyo, na watu wanaacha hata cherehani. Akanijibu: «Mwanangu, cherehani yangu nimeiuza kwa bei ya gunia la unga. Kinu hakuna aliyekitaka. Lakini kule ninakokwenda sijui mtu. Siku nitakapoanza kutwanga, jirani atasikia, atajua kwamba hapa kuna mtu mwenye nyumba.» Ndani ya kinu, chini ya kitenge, alikuwa ameweka karatasi za ubatizo za watoto na hati ya ndoa yake.

Kisha akafungua pindo la nguo yake, akanipa noti zilizokunjwa. Aliniomba nizipeleke kwa mama wa nyumba ya tatu katika mtaa wake, kwa maana alikuwa amekopa makaa kwake, na hakutaka kuondoka na deni. Mama yule wa nyumba ya tatu alikuwa mtu wa hapa, wa kabila letu. Nilipompa zile fedha alikaa chini kizingitini, hakusema kitu kwa muda mrefu. Baadaye aliingia jikoni akapika bukari na sombe, tukarudi naye stesheni, sufuria kichwani pake, tukipita katikati ya vijana waliotutazama vibaya. Wale mama wawili walikula katika sahani moja. Daftari langu halikuwa na safu ya kuandika jambo lile.

Mwanga wa Maandiko

Biblia Takatifu ni kitabu cha watu wanaohama, nayo haidharau vyombo vyao. Katika Kutoka, sura ya 12, Waisraeli wanaondoka Misri kwa haraka, na mwandishi anakumbuka kwamba walibeba unga uliokandwa, haujachachuka bado, na vyombo vya kukandia wakavifunga katika nguo zao mabegani. Nilipousoma mstari huo baada ya mwaka 1993, nilikiona kile kinu. Sura inayofuata yasema kwamba Musa alichukua pia mifupa ya Yosefu, kwa sababu ya ahadi ya zamani. Basi walibeba chakula cha kesho, na kumbukumbu ya jana.

Tena kitabu cha Mwanzo, sura ya 31, chatupa mfano wa kuhama vibaya. Yakobo anaondoka kwa Labani kwa siri, pamoja na wake, watoto na mifugo. Labani anamfuata, na mojawapo ya malalamiko yake ni kwamba hakupewa nafasi ya kuwabusu binti zake na wajukuu. Labani hakuwa mtu mwema sana, lakini katika jambo hili alisema haki. Mwishoni wanafanya agano na kula pamoja, ndipo kila mmoja anakwenda zake kwa amani. Hapo ndipo Yakobo alipohama kweli.

Tujitayarishe namna gani?

Ninyi mtahama. Wengine mwaka huu, kwa masomo, kazi au ndoa. Pokeeni basi mashauri haya, ambayo nimeyaokota katika historia hii.

Kwanza, hesabuni watu kabla ya mizigo. Kaeni baraza nyumbani, na watoto wawepo, waelezwe mapema. Bibi mzee atakwenda na nani? Mgonjwa atapata wapi dawa? Mtoto atamaliza mwaka wa shule wapi? Ikiwa baba anatangulia peke yake, mkubaliane tangu mwanzo ni lini wengine watamfuata. Baba anayekaa miaka mitatu peke yake penye migodi anarudia hali ya mwaka 1910, ingawa ana simu mkononi.

Pili, lipeni madeni na rudisheni vya watu. Nyundo ya jirani, ndoo ya jumuiya, fedha za makaa. Deni dogo lililoachwa nyuma linaharibu jina kubwa.

Tatu, wekeni karatasi zote katika mfuko mmoja unaobebwa mkononi, usiotiwa kamwe chini ya mizigo: hati za kuzaliwa, za shule, za kiwanja, za ubatizo na ndoa. Mjue pia kwamba parokia mliyobatizwa haiwafuti mnapohama. Kipaimara chenu na ndoa yenu, popote zitakapofanyika, zinapaswa kuandikwa katika kitabu kilekile cha ubatizo. Kanisa linahifadhi mahali mlipotoka.

Nne, kitakachohitajiwa kwanza kifungwe mwisho: sufuria moja, unga, chumvi, maji, kiberiti, taa, mkeka, dawa. Usiku wa kwanza familia ile chakula chake pamoja, hata kama masanduku bado hayajafunguliwa, na sala ya jioni isemwe palepale kati ya mafurushi. Kumwomba padre abariki nyumba kunaweza kungoja juma moja. Sala ya familia isingoje.

Tano, ageni, tena mjulishe. Msiondoke alfajiri kama watoro ikiwa hakuna hatari inayowafukuza. Mwambieni padre na jumuiya ndogo ya kikristo ya mtaa; na huko mnakofika, jitambulisheni Dominika ya kwanza. Ninyi mnaobaki, na ninyi mnaopokea, kazi yenu si ndogo kuliko ya mwenye kuhama. Mkisikia kinu kinatwangwa katika nyumba iliyokuwa tupu, nendeni mkabishe hodi, wala msianze kwa kuuliza kabila.

Yule mama sikumwona tena. Najua tu kwamba gari la moshi lake lilielekea Mwene-Ditu.

Maulizo ya kutafakari katika kikundi

1. Wazee wetu walifika mji huu kutoka wapi, na walibeba nini? Tuwaulize kabla ya mkutano ujao.

2. Katika mtaa wetu, ni familia gani iliyofika mwaka huu, na ni nani kati yetu aliyekwenda kuisalimu?

3. Je, kuna neno la dharau juu ya watu wa asili nyingine ambalo tumelisikia tukanyamaza? Tutafanya nini siku litakaposemwa tena?