Pua na Kumbukumbu: Historia Fupi ya Kupima Uwezo wa Kunusa

Juni 2021, shule za Uganda zilipofungwa tena kwa sababu ya korona, nilikuwa kwa shangazi yangu. Siku moja matoke yalikaukiwa maji yakaungua. Mimi niliyekuwa uani nilikimbia jikoni kwa ile harufu. Yeye alikuwa hatua tatu kutoka kwenye sufuria, amelipa mgongo, anachambua mchele bila habari. Alipokwenda zahanati aliulizwa tu, "Unasikia harufu?" Akajibu, "Kidogo." Kipimo kikaishia hapo. Katika insha hii ninachunguza vipimo vya kunusa vilitoka wapi, na kwa nini havijamfikia mtu kama yeye.

Mwishoni mwa karne ya 19, Hendrik Zwaardemaker wa Utrecht, Uholanzi, alitengeneza chombo cha kupimia nguvu ya harufu. Kilikuwa chombo cha maabara. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1984, Richard Doty na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walipotoa kipimo cha vijitabu vyenye harufu 40. Mtu hukwangua karatasi, hunusa, kisha huchagua jibu moja kati ya manne. Mwaka 1997 watafiti wa Ujerumani wakachapisha kipimo cha kalamu zenye harufu, ambazo hutumika kwa watu wengi.

Vipimo hivi ni vizuri, lakini vilibeba harufu za kwao. Kile cha Marekani kina piza, ubani wa kutafuna na tango la achari. Anayebahatisha tu hupata takriban 10 kati ya 40, hivyo kila harufu ngeni humsogeza mtu mzima wa afya karibu na alama za mgonjwa. Pua yake imenusa vizuri. Kinachokosekana ni jina katika kumbukumbu. Doty mwenyewe na wenzake waliliona tatizo hili, wakatoa mwaka 1996 kipimo kifupi cha harufu 12 kwa ajili ya tamaduni mbalimbali. Wajapani walikwenda mbali zaidi: waliweka harufu za kwao, kama mti wa hinoki na wino wa kuandikia kwa brashi.

Gharama nayo ni kikwazo. Karatasi iliyokwanguliwa haitumiki tena kwa mtu mwingine, na kalamu huchuja kadiri muda unavyopita.

Kwa maoni yangu, somo la historia hii ni kwamba kutafsiri maswali hakutoshi. Hata kitenzi kina hatari: ukimuuliza mtu "kinanuka nini?" umeshamdokezea kuwa harufu ni mbaya, na ukisema "kinanukia" umemdokezea kinyume chake. Afadhali "Unasikia harufu ya nini?", na majibu yawe picha kwa asiyesoma.

Harufu zenyewe zinaweza kutoka sokoni: kahawa, karanga za kukaanga, ndizi mbivu, samaki mkavu. Vitu vinavyowasha pua, kama amonia, viepukwe, kwani mtu asiyenusa huweza kuuhisi ule mwasho kupitia neva nyingine. Kwanza waulizwe watu wenye afya, wa rika na mikoa tofauti, maana harufu ya matoke inayojulikana Masaka huenda isijulikane Moroto. Zibaki zile zinazotambuliwa na karibu wote, na alama zipangwe kwa umri, kwa sababu uwezo wa kunusa hupungua uzeeni.

Jambo hili si dogo. Asiyenusa hatambui gesi inayovuja wala chakula kilichochacha, na kwa baadhi ya watu kupotea kwa harufu hutangulia ugonjwa wa Parkinson kwa miaka kadhaa.

Kwa kuhitimisha, kila taifa lililotaka kuzijua pua za watu wake lilianzia kwenye jiko lake. Shangazi yangu bado humwita mtoto amnusie maziwa kabla ya kuyachemsha. Nasi tuanzie jikoni kwake.