Huduma ya dharura kwa mifugo na wanyama wa nyumbani (Mlingotini, Bagamoyo)

Tiba ya haraka kwa mnyama ambaye kucheleweshwa saa chache kunaweza kumuua. Mlingotini ni kijiji cha pwani kusini mwa mji wa Bagamoyo, maarufu kwa uvuvi na kilimo cha mwani. Mbuzi, kuku, mbwa na ng'ombe wachache ni akiba ya kaya. Katika vijiji vya namna hii, wa kwanza kuitwa ni afisa mifugo. Akihitajika daktari wa wanyama, Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inataka awe amesajiliwa na Baraza la Veterinari.

Dharura nzito kuliko zote ni kichaa cha mbwa, kwa sababu dalili zikishaanza hakuna tiba, kwa mnyama wala kwa mtu. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo kuchomwa chanjo. Kupaka jeraha dawa ya kienyeji na kungoja ni hatari kubwa. Mbwa anayeshukiwa asiguswe. Taarifa ifike kwa afisa mifugo.

Ng'ombe aliyefura tumbo upande wa kushoto na kuhema kwa shida hukosa pumzi upesi. Mtaalamu hupitisha mpira tumboni au hutoboa tumbo kwa trokari, kifaa chenye ncha kali. Ndigana kali, inayoenezwa na kupe, hutibika kwa dawa ya buparvakwoni ikiwahiwa. Vipimo vya maabara hufanywa na Wakala wa Maabara ya Veterinari, Temeke, Dar es Salaam.