Vikwazo vya mawasiliano kazini

Vikwazo vya mawasiliano kazini ni mambo yanayozuia ujumbe usimfikie mlengwa, au yanayoufanya ueleweke tofauti na alivyokusudia msemaji. Hutokea maofisini, viwandani, shuleni, hospitalini na katika usafiri. Mara nyingi matokeo yake ni kazi kuchelewa au kurudiwa, lakini katika baadhi ya kazi huweza kusababisha vifo.

== Aina ==

* Vya mazingira: kelele za mashine, umbali, simu isiyosikika vizuri.
* Vya lugha: istilahi za kitaalamu, maneno yenye maana mbili, au wafanyakazi kutofahamu vizuri lugha moja.
* Vya madaraka: mdogo kuogopa kumsahihisha mkubwa wake, au taarifa kupita ngazi nyingi na kupungua njiani.
* Vya nafsi: uchovu, haraka, hasira, na kudhani kwamba jambo limeshaeleweka.

Mara nyingi vikwazo hivyo hutokea kwa pamoja.

== Mfano wa Tenerife ==

Tarehe 27 Machi 1977 ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM ya Uholanzi na nyingine ya Pan Am ya Marekani, ziligongana kwenye uwanja wa Los Rodeos, kisiwa cha Tenerife, Hispania. Watu 583 walifariki.

Uwanja ulikuwa umefunikwa na ukungu. Rubani mkuu wa KLM alianza kuruka kabla ya kupewa ruhusa. Rubani msaidizi aliuambia mnara maneno yaliyoweza kumaanisha kwamba ndege iko tayari kuruka, au kwamba imeshaanza kuruka. Mwongoza ndege alijibu "sawa", kisha akaagiza wasubiri. Wakati huohuo Pan Am nayo ilizungumza redioni, sauti zikaingiliana, na agizo la kusubiri halikusikika vizuri. Mhandisi wa KLM aliuliza kama Pan Am ilikuwa bado haijatoka njiani. Rubani mkuu akajibu kwamba imetoka, na suala likaishia hapo.

Baada ya ajali hiyo lugha ya redio ilibanwa zaidi: neno la Kiingereza la kuruka hutumika tu ruhusa inapotolewa au kufutwa, na rubani hurudia agizo alilopewa ili mnara uhakikishe. Mashirika ya ndege pia yalianza kuwafundisha marubani wadogo kusema wanapoona hatari, na wakubwa kuwasikiliza.

== Hospitalini ==

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji. Husomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya mgonjwa kupewa dawa ya usingizi, kabla ya ngozi kukatwa, na kabla ya mgonjwa kutoka chumba cha upasuaji. Kabla ya kukata, kila mmoja hutaja jina na kazi yake. Aliyekwisha kuzungumza mara moja huona wepesi wa kuzungumza tena.

Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, ukiwemo Ifakara, Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kuwa vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Hata hivyo, utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2014, haukuona upungufu wa maana baada ya hospitali kutakiwa kuitumia. Orodha inayojazwa kwa kutimiza wajibu tu haiondoi ukimya.

== Njia za kuviondoa ==

* Kumwomba msikilizaji aeleze atakachofanya. Swali "umeelewa?" hujibiwa "ndiyo" hata na asiyeelewa.
* Kutumia maneno mepesi yenye maana moja.
* Kuandika maagizo muhimu, hasa wakati wa kupokezana zamu.
* Kiongozi kuuliza maoni ya wadogo kabla ya kutoa yake. Pale ambapo kumkatiza mkubwa huhesabiwa kukosa adabu, ni mkubwa mwenyewe anayepaswa kufungua mlango.
* Kutomwadhibu anayeleta habari mbaya mapema.