Uhamishaji Bila Kuzima

Mtumishi wa Kisarawe akipata uhamisho kwenda Kibaha, hukabidhi ofisi, hufungasha na kuondoka. Mpaka aripoti kituo kipya, kazi yake imelala. Ndiyo maana neno uhamisho, pamoja na ufupi wake, halifai kwa kazi ya wataalamu wa wingu ya kuichukua mashine pepe, yaani kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya seva, na kuipeleka seva nyingine huku ikiendelea kuhudumia watu. Kuiita uhamishaji hai nako ni kumfanya msomaji aulize uliokufa ni upi. Istilahi inayojieleza ni uhamishaji bila kuzima. Atakayepinga atasema mashine hiyo husimama kidogo mwishoni. Ni kweli, lakini huko ni kusita. Iliyozimwa hupoteza yaliyomo kwenye kumbukumbu. Iliyosita huendelea pale ilipoishia. Mwaka 2005 Christopher Clark na wenzake walihamisha seva ya mchezo wa Quake 3 huku watu wakicheza, nayo ikasita kwa takriban milisekunde 60 tu.

Ukishatenganisha muda wa kusita na muda wote wa kuhamisha, unaona ufanisi unatafutwa wapi. Tuchukulie kuna seva Kisarawe na nyingine Kibaha, na mashine pepe yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8. Umbali si tatizo: hata waya ukizunguka kilomita 50, mwanga huzipita kwa robo ya milisekunde. Kikwazo ni upana wa njia. Kwa gigabiti 1 kwa sekunde, nakala ya kwanza huchukua sekunde 64. Wakati huo mashine inaendelea kuandika. Ikibadilisha megabaiti 25 kila sekunde, gigabaiti 1.6 lazima zirudiwe. Duru inayofuata ni sekunde 13 hivi, kisha chini ya 3, hadi mabaki yawe machache kiasi cha kuisitisha mashine na kuyamalizia. Ikibadilisha megabaiti 125 kila sekunde, sawa na uwezo wa njia yenyewe, mabaki hayapungui kamwe.

Hapo dawa ni kubana data, kutuma tofauti tu badala ya ukurasa mzima, yaani kipande kizima cha kumbukumbu, au kupunguza kasi ya prosesa ya mashine inayohama. Wengine husifu njia ya kuanza kuiendesha mashine upande wa pili, kurasa zikifuata baadaye kila zinapohitajika. Ni ya haraka, na kila ukurasa husafiri mara moja tu. Ila mtandao ukikatika katikati, hakuna upande wenye mashine kamili, ilhali kwa kunakili kwanza ile ya Kisarawe ingebaki nzima. Kusema tungoje usiku tuizime hakusaidii hospitali kama Tumbi, isiyofunga usiku. Kwa huduma za namna hiyo ningenakili kwanza, na kurasa zikigoma kupungua, prosesa ipunguzwe kasi, hata kama watumiaji watalalamika kwa dakika moja au mbili.